Dini na kiti cha enzi cha Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara Mfalme anapotawazwa, mtoto wa kifalme anapooa au gazeti linapochapisha utafiti mpya wa maoni. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale magumu. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Je, ni kweli Mkatoliki haruhusiwi kuwa mfalme au malkia wa Uingereza?

Ni kweli, na ni hivyo hadi leo. Watu wengi wanaamini zuio hilo liliondolewa kwa mageuzi ya 2013. Kilichoondolewa ni adhabu ya *kuoa au kuolewa* na Mkatoliki (swali la 5). Mwenyewe akiwa Mkatoliki, kiti hakipati.

2. Sheria inasemaje hasa?

Sheria kuu ni mbili: Sheria ya Haki ya 1689 na Sheria ya Urithi wa Kiti cha Enzi ya 1701. Zote zinamtaja mtu "aliyepatana na" Kanisa la Roma, anayeshiriki sakramenti zake au anayekiri imani yake. Mtu wa namna hiyo anaondolewa "milele" katika urithi, na wananchi wanafunguliwa kifungo cha kumtii. Taji linapita juu ya kichwa chake na kumwendea anayefuata, kana kwamba yeye amekwisha kufa.

Soma tena maneno hayo polepole. Sheria hazisemi "asubiri" wala "aombe kibali". Zinamhesabu mtu aliye hai kuwa maiti kwa sababu ya mahali anapopokea Ekaristi. Na maneno hayo hayamo makumbusho. Ni sheria inayofanya kazi.

Sheria ya 1701 iliongeza sharti la pili: anayekalia kiti lazima awe katika ushirika na Kanisa la Anglikana la Uingereza. Kwa hiyo kuna milango miwili. Mmoja unamzuia Mkatoliki kwa jina, wa pili unadai uwe Mwanglikana, au angalau ukubali kushiriki pamoja na Waanglikana.

3. Zilitungwa kwa nini?

Kwa hofu, na hofu yenyewe ilikuwa na historia. Mfalme James wa Pili alikuwa ameingia Ukatoliki. Mwaka 1688 alipata mtoto wa kiume ambaye angelelewa katika imani hiyo, na wakubwa wa nchi wakamwita William wa Orange kutoka Uholanzi. James alikimbilia Ufaransa mwezi Desemba mwaka huohuo, na William akashika kiti.

Tatizo likarudi Julai 1700, alipofariki mtoto wa pekee aliyebaki wa Anne, shemeji na mrithi wa William. Alikuwa na miaka 11. Bunge likatafuta jamaa wa karibu aliye Mprotestanti na kumpata Sophia wa Hanover, mjukuu wa James wa Kwanza. Ili kumfikia, lilibidi liwaruke Wakatoliki zaidi ya 50 waliokuwa na damu ya karibu kuliko yeye. Sophia alifariki Juni 1714, na Anne, ambaye wakati huo alikuwa malkia, akamfuata Agosti mwaka huohuo, ndipo mwanawe Sophia akawa George wa Kwanza. Familia inayotawala leo inadai kiti kupitia kwa Sophia. Ndiyo maana kuigusa sheria ya 1701 ni kugusa hati ya nyumba yenyewe.

4. Vipi Mwislamu, Myahudi, Mhindu au asiye na dini?

Hakuna aliyetajwa kwa jina. Hapo ndipo Wakatoliki wanapolalamika, kwamba wao peke yao wamewekewa alama. Lakini wanaosema kwamba "wengine wote wanaruhusiwa" wamesoma nusu ya sheria. Sharti la ushirika na Kanisa la Anglikana linabaki, na juu yake kuna tamko ambalo kila mtawala mpya lazima alitoe: kwamba yeye ni Mprotestanti mwaminifu na atazilinda sheria za urithi wa Kiprotestanti. Mwislamu au Mhindu mkweli hawezi kutamka hivyo.

Tamko hilo lililainishwa mwaka 1910. Kabla ya hapo mfalme alitakiwa kusema mbele ya Bunge kwamba Misa ya Wakatoliki na kuwaomba watakatifu ni ushirikina na ibada ya sanamu. Edward wa Saba aliyasoma maneno hayo mwaka 1901, huku mamilioni ya raia wake wakiwa Wakatoliki.

Kwa upande wa ndoa mambo yalikuwa kinyume kabisa: mrithi angeweza kumwoa Mwislamu, Myahudi au asiye na dini bila kupoteza chochote. Aliyekatazwa alikuwa Mkatoliki tu.

## Mageuzi ya 2013

5. Ni nini hasa kilichobadilika?

Mambo matatu, yaliyoanza kutumika tarehe 26 Machi 2015:

Kwanza, mtoto wa kiume hamruki tena dada yake, mradi wahusika wamezaliwa baada ya tarehe 28 Oktoba 2011. Mfano uko wazi: Louis, mjukuu wa Mfalme Charles, alizaliwa 2018, lakini hakumpita dada yake Charlotte aliyezaliwa 2015. Pili, kumwoa Mkatoliki hakumwondoi mtu kwenye foleni, na waliokuwa wameondolewa kwa sababu hiyo na bado wako hai walirudishwa (swali la 9). Tatu, ni watu sita tu wa mwanzo kwenye foleni wanaohitaji ruhusa ya mfalme ili waoe. Sheria ya 1772, iliyowabana karibu wazao wote wa George wa Pili, ilifutwa.

6. Kama watu walikubali, mbona ilichukua muda mrefu?

Kwa sababu taji hili si la nchi moja. Mwaka 2011 mtu huyohuyo alikuwa mkuu wa dola katika nchi 16, zikiwemo Kanada, Australia, New Zealand na Jamaica (leo ni 15, baada ya Barbados kuwa jamhuri Novemba 2021). Utangulizi wa Sheria ya Westminster ya 1931 unataka mabadiliko ya urithi yakubaliwe na mabunge ya nchi hizo. London ikibadili peke yake, siku moja Uingereza inaweza kuwa na malkia na Australia ikawa na mfalme.

Bunge la Uskoti lilitaka ubaguzi huo uondolewe tangu Desemba 1999. Serikali za London zikajibu kwa miaka kumi kwamba jambo ni gumu. Mswada wa mbunge Evan Harris mwaka 2009 haukufika mbali. Makubaliano ya viongozi wa nchi hizo yalipatikana Perth, Australia, tarehe 28 Oktoba 2011, na ndiyo sababu ya tarehe hiyo kuonekana ndani ya sheria. Kisha kila nchi ikafuata utaratibu wake. Australia ndiyo iliyochelewesha: majimbo yake yote sita yalipaswa kupitisha sheria kwanza, na Australia Magharibi ikawa ya mwisho.

7. Kwa nini ndoa iliruhusiwa lakini kiti chenyewe kikaachwa?

Kwa sababu mtawala ndiye Gavana Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uingereza. Maaskofu huteuliwa kwa jina lake, na 26 kati yao wanakaa kwenye Baraza la Malordi. Mkatoliki akikalia kiti hicho, atakuwa mkuu wa kanisa ambalo kanisa lake mwenyewe halitambui upadre wake. Ndoa ingeweza kufunguliwa bila kuligusa fundo hilo. Kiti chenyewe hakifunguki bila kuamua kwanza nini kifanyike kuhusu kanisa la dola.

Sababu hiyo ni ya kweli, lakini inaeleza ugumu tu, haihalalishi ubaguzi. Kanisa la Anglikana lilitenganishwa na dola nchini Ireland mwaka 1871 na Wales mwaka 1920, na huko bado linaendelea na ibada zake. Nchini Uskoti, Mfalme si mkuu wa kanisa lolote. Aliapa tu, tarehe 10 Septemba 2022, kulilinda Kanisa la Uskoti, ambalo ni la Kipresbiteri.

8. Watoto wa mrithi aliyeoa Mkatoliki watalelewa dini gani?

Hapa ndipo mageuzi ya 2013 yalipoacha shimo. Kanisa Katoliki humtaka muumini wake anayeoa nje aahidi kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa Wakatoliki. Ahadi hiyo ni ya kufanya juhudi. Haihakikishi matokeo, na wakati wa mjadala wa Bunge ilielezwa kwamba kila ndoa hutazamwa kwa hali yake. Hata hivyo, mrithi akimwoa Mkatoliki anayeishika ahadi hiyo, watoto watapoteza kiti. Kwa hiyo wazazi wamepewa uhuru wa kuoana, kisha wakaachiwa wachague kati ya altare na taji kwa niaba ya mtoto mchanga.

## Watu walioguswa na sheria

9. Ni nani waliopoteza nafasi zao?

Prince Michael wa Kent, binamu wa Malkia Elizabeth wa Pili, alipoteza yake mwaka 1978 alipomwoa Marie-Christine von Reibnitz, Mkatoliki. Mpwa wake, Earl wa St Andrews, alipoteza yake kwa ndoa ya 1988. Wote wawili walirudishwa 2015.

Wasiorudishwa ni walioingia Ukatoliki wenyewe: Lord Nicholas Windsor, aliyepokelewa mwaka 2001, na watoto wa Earl wa St Andrews, yaani Lord Downpatrick mwaka 2003 na Lady Marina Windsor mwaka 2008. Tazama familia hiyo moja: baba amerudi kwenye foleni, watoto wawili wako nje.

Kisa cha Duchess wa Kent huwachanganya wengi. Aliingia Ukatoliki mwaka 1994, lakini mumewe hakupoteza kitu kwa sababu alipoolewa mwaka 1961 alikuwa Mwanglikana. Sheria ya zamani iliangalia siku ya ndoa. Alipofariki Septemba 2025, Mfalme Charles alihudhuria Misa ya mazishi yake katika Kanisa Kuu Katoliki la Westminster.

Wapo pia waliobadili dini ili mwenza asipoteze nafasi. Autumn Kelly, Mkanada aliyebatizwa Mkatoliki, alijiunga na Kanisa la Anglikana kabla ya kufunga ndoa na Peter Phillips, mjukuu wa Malkia Elizabeth, mwaka 2008. Gharama hii haionekani kwenye takwimu yoyote.

10. Je, Malkia Camilla ni Mkatoliki? Na Meghan?

Hapana, wote wawili. Camilla ni Mwanglikana. Mkatoliki ni mume wake wa kwanza, Andrew Parker Bowles. Meghan alisoma shule ya sekondari ya Kikatoliki, na hapo ndipo uvumi ulipoanzia, lakini alibatizwa katika Kanisa la Anglikana Machi 2018. Hata angekuwa Mkatoliki, kufikia mwaka huo mumewe Harry, mtoto wa Mfalme Charles, asingepoteza chochote.

11. Mtu akiuacha Ukatoliki, anarudi kwenye foleni?

Kwa maneno ya sheria, hapana. Neno lililotumika ni "milele". Tena sheria haisemi ni nani hasa anayethibitisha kwamba mtu ni Mkatoliki: hakuna tume, hakuna fomu. Likitokea shauri kwa mtu aliye karibu na kiti, Bunge ndilo litakalolazimika kulimaliza.

## Wananchi wanasemaje?

12. Waingereza bado wanautaka ufalme?

Wengi wanautaka, ila wanapungua, na umri ndio unaogawa zaidi. Utafiti wa YouGov uliofanywa kwa ajili ya BBC mwezi Aprili 2023, kabla ya kutawazwa kwa Charles, ulikuta asilimia 58 wanataka ufalme uendelee na asilimia 26 wanataka mkuu wa dola wa kuchaguliwa. Kwa waliozidi miaka 65, wanaoutaka walikuwa asilimia 78. Kwa wenye miaka 18 hadi 24 walikuwa asilimia 32 tu.

Angalia pia swali linavyoulizwa. Utafiti wa muda mrefu wa NatCen, taasisi ya utafiti wa jamii, hauulizi "mfalme au rais?" bali "ufalme una umuhimu gani?" Mwaka 1983, asilimia 65 walijibu "muhimu sana". Matokeo yaliyotolewa 2023 yalionyesha asilimia 29. Mtu anaweza kuona ufalme hauna umuhimu mkubwa na bado asitake usumbufu wa kuuondoa. Usichanganye namba za tafiti hizi mbili kwenye sentensi moja. Watu wengi hukosea hapo.

13. Na kuhusu ubaguzi wa dini?

Kwenye ndoa, wananchi walishaamua mapema kuliko wabunge. Utafiti wa BBC wa Machi 2009 ulikuta asilimia 81 wanaona mrithi aruhusiwe kumwoa Mkatoliki na kubaki na haki yake, na asilimia 89 wanataka wanawake wawe na haki sawa ya kurithi. Katika utafiti huohuo, asilimia 76 walitaka ufalme uendelee. Huwezi kusema wanaopinga ubaguzi ni maadui wa ufalme. Wengi wao ni watu walewale.

Kuhusu mtawala mwenyewe kuwa Mkatoliki, usichukue asilimia 81 ukaipachika huko. Ni swali lingine, nalo linaburuta suala zima la kanisa la dola.

14. Nchi imebadilika kiasi gani tangu 1701?

Sensa ya 2021 ya England na Wales ilihesabu Wakristo asilimia 46.2, wasio na dini asilimia 37.2 na Waislamu asilimia 6.5. Uskoti mwaka 2022, waliosema hawana dini walikuwa asilimia 51.1. Siku ya kutawazwa, tarehe 6 Mei 2023, Waziri Mkuu aliyesoma somo la Biblia, Rishi Sunak, ni Mhindu. Vyombo vya kifalme vilikabidhiwa na malordi wa Kiislamu, Kihindu, Kiyahudi na Kisikh, na Kadinali Vincent Nichols alitoa baraka.

Katika ibada hiyohiyo, mbele ya wageni wale wote, Charles alitamka kwamba ni Mprotestanti mwaminifu. Mwaka 1994 alikuwa amesema angependa kuwa mlinzi wa imani kwa jumla badala ya imani moja. Siku ilipofika, maneno ya sheria hayakuwa yake kubadilisha.

15. Kama wengi wanaona si haki, mbona hakuna shinikizo?

Kwa sababu walioumia wanahesabika kwa vidole, nao ni watu wa familia ya kifalme ambao hakuna anayewaonea huruma. Wanajamhuri wanasema tatizo ni urithi wenyewe, dini ni tawi tu. Wafuasi wa ufalme wanaogopa kwamba ukivuta uzi huu, shati zima linafumuka. Jambo linabaki katikati, halina mwenyewe.

Kwa maoni yetu hesabu ya vidole si hoja. Sheria hii haiwagusi jamaa wa mfalme peke yao. Inamwambia kila mtoto Mkatoliki wa Liverpool, Glasgow au Belfast kwamba imani ya nyumbani kwao ndiyo pekee iliyotajwa kwa jina kuwa haifai kwenye kiti cha juu cha nchi yake.

## Mahakama na nchi nyingine

16. Mahakama haziwezi kuifuta?

Za Uingereza haziwezi kufuta sheria ya Bunge. Zinaweza tu kutamka kwamba haipatani na haki za binadamu. Nchini Kanada jambo hilo lilijaribiwa. Tony O'Donohue, aliyewahi kuwa diwani wa Toronto, alifungua kesi kwamba sheria ya 1701 inakiuka hati ya haki ya Kanada. Mwaka 2003 mahakama ya Ontario iliikataa: sheria za urithi ni sehemu ya katiba, na sehemu moja ya katiba haiwezi kutumika kuifuta sehemu nyingine. Rufaa ilishindwa 2005. Jaji hakusema kwamba hakuna ubaguzi; alisema mahali pa kuuondoa si mahakamani.

Australia ina mgongano unaoonekana zaidi. Kifungu cha 116 cha katiba yake kinakataza kipimo cha dini kwa kazi yoyote ya shirikisho, lakini mkuu wa dola yake anapimwa kwa dini. Kura ya 1999 ya kuifanya nchi jamhuri ilishindwa kwa asilimia 54.87 dhidi ya 45.13.

17. Uingereza iko peke yake?

Haiko peke yake. Denmark na Norway zinadai mfalme awe Mlutheri, na Sweden inataka hata watoto wa kifalme walelewe katika imani hiyo. Uholanzi, Ubelgiji na Hispania haziweki sharti la dini. Malkia Máxima wa Uholanzi amebaki Mkatoliki. Jordan na Oman zinataka mtawala awe Mwislamu, na Thailand inataka awe Mbudha. Tofauti ya Uingereza ni kwamba haikutosheka kutaja dini inayotakiwa. Ilitaja na inayokatazwa.

18. Afrika Mashariki inahusika vipi?

Kuliko wengi wanavyodhani. Elizabeth, mama yake Charles, alikuwa Kenya, tarehe 6 Februari 1952, baba yake alipofariki naye akarithi kiti. Baadaye alikuwa Malkia wa Tanganyika kuanzia Desemba 1961 hadi Desemba 1962, wa Uganda mwaka 1962 hadi 1963, na wa Kenya kuanzia Desemba 1963 hadi Desemba 1964. Kwa mwaka mmoja baada ya uhuru, mkuu wa dola wa nchi hizi, zenye Wakatoliki na Waislamu wengi, alipatikana kwa sheria ya 1701.

Buganda ni kisa kingine kinachostahili kusomwa pamoja na hiki. Vita vya dini vya 1888 hadi 1892 viliwapindua makabaka na kuishia na ushindi wa upande wa Waprotestanti uliosaidiwa na Lugard, ofisa wa Kiingereza, huko Mengo. Daudi Chwa alitawazwa 1897 akiwa mtoto mchanga, akalelewa Mwanglikana, na makabaka wote baada yake wamekuwa Waanglikana.

Ukuu wa Jumuiya ya Madola, ambao Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zinautambua, ni jambo tofauti. Haurithiwi kisheria wala hauna sharti la dini. Viongozi walikubaliana mwaka 2018 kwamba Charles amfuate mama yake.

## Maswali ya pembeni

19. Ikitakiwa kuondoa zuio lililobaki, hatua ni zipi?

Kwanza, kuamua nani atakuwa mkuu wa Kanisa la Anglikana: ama litenganishwe na dola, ama madaraka ya Gavana Mkuu yapewe mtu mwingine pale mtawala asipokuwa Mwanglikana. Pili, kurekebisha kwa pamoja sheria za 1689 na 1701, sheria ya kiapo cha kutawazwa, sheria ya tamko ya 1910, sheria za muungano wa England na Uskoti, na ile ya 1937 kuhusu mtawala wa muda. Ukiisahau hata moja, zuio linarudi kupitia dirishani. Tatu, kupata ridhaa ya nchi zote 15 kama ilivyoelezwa kwenye swali la 6. Nne, kupanga siku moja ya kuanza kutumika kote.

20. Mfalme aliyeko kitini akiwa Mkatoliki, itakuwaje?

Kwa maandishi ya sheria, hahitaji kushtakiwa wala kujiuzulu. Taji linamwondokea papo hapo na kumwendea Mprotestanti anayefuata.

21. Basi Charles alivunja sheria alipoomba pamoja na Papa?

Hapana. Tarehe 23 Oktoba 2025 aliomba pamoja na Papa Leo wa Kumi na Nne ndani ya Kanisa la Sistine, jambo ambalo hakuna mfalme wa Uingereza aliyelifanya hadharani na Papa tangu Matengano ya Kanisa ya karne ya 16. Sheria inakataza kupatana na Kanisa la Roma na kushiriki sakramenti zake. Ile ilikuwa ibada ya sala, haikuwa Misa, na Ekaristi haikugawiwa.